Namba ya Viatu ya Mtu wa Pili

Tottenham, London
Jumapili, baada ya misa

Kaka Telesphor,

Shikamoo. Pokea salamu zangu zilizojaa mpaka zinamwagika, na ukishashiba nazo wagawie hata mbwa wa pale nyumbani, maana nao nimewakumbuka. Natumaini yale mafua uliyoshuka nayo mlimani yamekwisha, na kikohozi hakijageuka kuwa sababu ya kunywa mbege asubuhi. Sisi huku hatujambo. Baridi ipo lakini tumeizoea, na mimi hasa mwili wangu ni chuma, isipokuwa kidole gumba cha mguu wa kulia, ambacho habari zake zinakuja.

Najua unashangaa. Simu ipo, WhatsApp ipo, halafu mtu anakaa anaandika barua kama katibu wa parokia. Sababu ninayo, tena nzito, utaikuta mbele. Usirukie mwisho, nakufahamu. Barua hii anakuletea Placida, nesi wa kanisani kwetu anayekuja Moshi likizo, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu dukani. Na jambo jingine: kwenye simu nimeshika sharti lako, Mama simtaji, maana nikimtaja tu unakata. Lakini karatasi haikatiki. Humu nitamtaja. Sio sasa hivi, tulia.

Kwanza nikupe ripoti ya safari. Uliponiambia kwamba kampuni yenu inakutuma Moroko kwenye mafunzo ya waongoza watalii, na kwamba Ijumaa na Jumamosi utakuwa huru, ukasema nichukue ndege nije Marrakech unitembeze jangwani, nilicheka. Nikasema huyu mzee wa mlima ameishiwa hewa. Halafu nikaangalia, kumbe kutoka London ni safari fupi kuliko basi la Moshi kwenda Dodoma. Na nikakumbuka kwamba sijakuona kwa macho tangu uliponishika mkono pale uwanja wa ndege, nina miaka kumi, na begi la mgongoni lililonizidi ukubwa. Sasa nina ndevu. Chache, lakini zipo, na wasichana wa Tottenham wanaziheshimu.

Mpango wote ameufanya Armelle, yule mchumba wangu Mkongo ambaye nilikutumia picha yake ukajibu kwamba dada wa watu amekosea njia. Mimi nilikuwa na mawazo makubwa, siku nne niione Moroko yote na ngamia wawili juu. Armelle akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Weye unasemaka mingi, Godbless, leta simu hapa.” Ndani ya nusu saa alikuwa amemaliza. Tunaondoka Stansted Alhamisi. Tumepata vyumba viwili ndani ya mji wa zamani, katika nyumba yenye ua katikati na mti wa machungwa, na mwenye nyumba ameahidi kutupokea kwenye lango la mji kwa sababu anasema vichochoro vile wageni huvizunguka mpaka wakalia. Nikamwambia Armelle mimi sipotei. Akanikumbusha siku niliyopotea ndani ya duka la samani.

Ijumaa ni ya mji: soko la viungo, soko la ngozi, na jioni ule uwanja mkubwa wanaochoma nyama moshi ukapaa kama jikoni kwa msiba. Jumamosi ndiyo siku yenyewe, jangwa la Agafay, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Hapo nililalamika kidogo. Nilitaka mchanga, vile vilima vya mchanga vya kwenye picha, nisimame juu nimefunga kilemba. Armelle akaniambia jangwa la mchanga liko mbali mno kwa watu wenye siku chache, na kwamba hili la karibu ni la mawe na vilima vikavu, na nyuma yake unaona milima yenye theluji. Jangwa bila mchanga, kaka, ni kama kwenda Bukoba ukanyimwa senene. Lakini nimekubali, maana najua wewe ukiona mawe moyo wako unatulia.

Sasa kidole gumba. Ulinitumia ule ujumbe wa sauti ukijifanya bosi: “Simpeleki mtu jangwani nisiyejua viatu vyake wala goti lake. Niambie mko wangapi, namba za viatu, na nani ana goti bovu.” Nilikasirika kidogo. Mimi napakia na kupakua vyungu vya maua kutwa kwenye soko la Walthamstow, soko refu mpaka miguu yenyewe inahitimu, halafu mtu aniulize goti? Nikanunua raba nyeupe, kali, zenye soli kama matairi ya trekta, nikaenda nazo msitu wa Epping kufanya mazoezi. Mazoezi gani. Matope yalizimeza zote mbili, kucha ya kidole gumba ikang’oka, na mwenzangu wa safari alikuwa mbele siku nzima na chupa ya chai ya tangawizi, ananisubiri kwenye kila kona kama mwalimu wa zamu. Nilipofika alikuwa ameshakunywa nusu. Akaniuliza kama nataka kubebwa.

Haya, nicheke basi. Ila hilo la mwenzangu ndilo limenifanya nishike kalamu. Kaa chini, kaka. Kama uko na watu, toka nje.

Unajua kazi yangu. Bosi wangu Ravinder anauza mimea ya kuweka ndani, Waingereza wanaipenda hiyo kuliko watoto. Tangu nimeanza pale nimeuza mmea mmoja wenye majani marefu ya kijani yenye mstari wa njano, na siku moja naufuta vumbi nikasimama. Nikasema hili si isale hili? Lile la mpakani kwetu Kibosho, kati yetu na kwa mzee Francis, ulilokuwa ukinichapa kwa jani lake nikikimbia kuchota maji? Lile lile, limevalishwa chungu cha kauri na kupandishwa cheo. Basi ikafika siku ya kuzaliwa ya Mama, nikamwomba Ravinder mmoja ambao chungu chake kilikuwa na ufa. Nilitaka tu apate kipande cha kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, kwenye dirisha la fleti yetu. Kihamba ambacho, nikukumbushe, ni changu mimi kitinda mimba, wewe unanilindia.

Nimepanda treni nao. Imejaa, na jani moja refu linamtekenya shingoni baba mmoja aliyevaa suti. Ananigeukia, namwomba radhi, linamtekenya tena. Nikachoka, nikalikunja lile jani nikalipiga fundo lisiendelee kutuletea kesi. Nikafika nyumbani. Mama yuko jikoni anakoroga mtori. Na kwa kuwa ulinifundisha mwenyewe kwamba mzazi hapewi kitu kwa mkono mmoja, nikapiga goti kidogo kama ile zamani, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Kaka, mwiko ulimtoka mkononi.

Alilitazama lile fundo, akanitazama mimi, akazima jiko, akavuta kiti. Akasema kwa sauti ndogo sana, “Umefanya nini, Godbless? Lolote lile, nimekwisha kukusamehe. Haya, sema.”

Mimi niliondoka Kibosho mtoto. Isale nililijua kama mpaka na kama fimbo. Sikujua kwamba jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mikono miwili ni kuomba msamaha, na kwamba aliyeletewa hana njia ya kukataa. Wewe ulijua, bila shaka. Mimi nilidhani Mama ameona nyoka. Lakini alivyonitazama, kama mtu anayejiandaa kupokea habari ya msiba, nilishindwa kusema kwamba ni zawadi ya siku ya kuzaliwa. Na ukweli ni kwamba jambo nilikuwa nalo. Nilikuwa nimemficha habari ya Marrakech. Nilikuwa nimemwambia nakwenda na wenzangu wa kazini kutembea. Nikamwambia nakwenda kukuona wewe.

Hakukasirika, hakuweza, alikuwa ameshasamehe. Alicheka kwanza, akasema nimemnasa. Halafu chozi likashuka lenyewe, hakulifuta.

Ndipo akanieleza siku ya maziko ya Baba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilichokumbuka ni udongo kwenye sinki, nikafikiri amevunja chungu. Kaka, sikiliza hili mpaka mwisho. Pasi yake ilikuwa uhamiaji wakati ule, pamoja na yangu. Aliomba arudishiwe aje azike. Wakamwambia akiichukua akatoka, faili linafungwa, na kurudi hakuna, yeye wala mimi. Walikuwa wameshakukataa wewe kwa kuwa umepita umri, ulikuwa na miaka kumi na tisa walipokuita mtu mzima. Akaona akitoka, atakuwa amenipotezea na mimi shule na makaratasi. Akabaki. Mama mdogo Beatha alishika simu kaburini ili asikie, na mtandao ukakatika padri alipoanza kubariki. Mama akashuka chini, hapa kwenye nyasi za mbele ya fleti zetu, akachota udongo kwa mkono, akapanda nao ngazi. Hakujua autupe wapi. Akakaa nao mkononi mpaka ukakauka.

Haya sikuambii ili umwonee huruma. Mama alinikataza kukutafutia huruma. Nilipomwambia kwamba wewe hukujua kwa nini hakuja kuzika, ndiyo maana una hasira, alitikisa kichwa. Akasema, “Mwache na hasira yake, ni haki yake. Siku ile alitupa udongo wa watu wawili.”

Sasa makaratasi anayo, na nauli ya kuja nyumbani si tatizo. Kinachomshinda ni lile lango la nyumbani Kibosho. Anasema hawezi kuingia kihambani kwa mumewe ambaye hakumtupia udongo, huku mtoto wake wa kwanza amempa mgongo. Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nikamwendea Armelle na maneno mazuri niliyoyapanga kichwani, kumwomba kiti chake cha ndege. Kabla sijafika nusu alinionyesha simu: alikuwa ameshabadilisha jina kwenye tiketi tangu asubuhi. Ndugu yako anaoa malaika, tena malaika mwenye mdomo.

Kwa hiyo yule wa chai ya tangawizi msituni alikuwa ni Mama. Kila Jumamosi akitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, analala kidogo, anavaa koti lake la mvua, tunakwenda. Amenishinda mara zote. Ukiniuliza mbele za watu nitakana.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ndicho kisichopita WhatsApp. Ni jani lile lile. Fundo langu alilifungua, akasema limefungwa kama mzigo wa magendo, akalifunga upya mwenyewe. Mama mdogo Beatha aliposikia alipiga simu kulalamika kwamba hajawahi kuona mzazi akampelekea mtoto isale, mambo yanakwenda kinyume. Mama akamjibu kwamba aliyekosewa ndiye anayepelekewa, umri hauulizwi. Lakini kabla sijafunga bahasha alinishika mkono. Akasema, “Mwambie asilipokee kwa sababu ni isale. Sitaki kumfunga mwanangu na jani. Alipokee kama anataka mwenyewe.”

Nimeusema ujumbe kama ulivyo. Usipotaka, mrudishie Placida jani, asiulizwe wala asiulize, Mama atabaki Tottenham na mtori wake, mimi nitakuja peke yangu, na bado nitakuita kaka na kukutania mpaka unikimbie huko kwenye mawe.

Na ukitaka, usihangaike kutafuta maneno, najua hayakupendi. Uliuliza tuko wangapi, mimi ndiye sikukujibu. Sasa najibu, bosi. Tuko wawili. Mimi navaa namba arobaini na tatu, magoti yote mazima, kidole gumba kinapona. Wa pili anavaa thelathini na nane. Goti lake la kushoto linamuuma akiwa anashuka, kwa sababu ya kuinua wazee wa watu miaka yote hii, akiwa anapanda halimsumbui. Jua kali anaweza, kiu hasemi mpaka umuulize. Niambie tu avae viatu gani. Ukinitumia hilo peke yake, viatu gani, nitajua, na nitamnunulia siku hiyo hiyo.

Msalimie Mama mdogo Beatha, mwambie apunguze kelele. Msalimie mzee Francis wa ng’ambo ya masale, na wote wanaouliza kama bado naongea Kiswahili. Waonyeshe barua hii, ukurasa wa kwanza tu. Armelle anakusalimu, anasema njia hakukosea. Na yuko mtu mmoja amekaa hapa mezani anajifanya anachambua mchele, hajauliza naandika nini, na mchele wenyewe ulishakuwa msafi zamani. Naye anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako, mrithi halali wa kihamba,

Godbless