Pesa za Ijumaa za Abuya Guyo

Alhamisi, Isiolo. Tangu asubuhi upepo unarusha vumbi, na nimefunga duka kabla ya alasiri. Wateja watasema ninaringa. Waseme tu. Leo sina nguvu ya kuinua hata mtungi mdogo wa gesi.

Nimerudi jana kutoka Garbatulla na mifupa bado inauma kwa ile barabara. Maumivu yataisha. Niliyoyasikia huko sijui.

Nianze na watu wa kodi. Mimi hutumia laini moja ya simu kwa duka na kwa nyumba, ujinga ambao kila mwenye duka hapa mjini anaufanya huku akijua ni ujinga. Wiki jana waliniita ofisini nieleze pesa zinazoingia kwenye laini hiyo kila Ijumaa baada ya swala, kutoka kwa mtu mmoja anayeitwa Guyo. Nisipoeleza, zitahesabiwa kuwa mauzo niliyoficha, nilipe kodi na faini juu yake. Faini hiyo ingemeza duka pamoja na mitungi yake.

Nikasema ni zawadi. Guyo ni abuya wangu, kaka wa mama, na amekuwa akinitumia tangu nilipofungua duka.

Ofisa, kijana mpole wa kutoka Meru, alifurahi. "Zawadi hatuna shida nayo, mama," aliniambia. "Mtu akikupa pesa tu, bila wewe kumfanyia kazi ama kumuuzia kitu, hiyo si mapato. Lakini huyo mzee aseme mwenyewe kwamba alikupa."



Abuya Guyo alikufa kabla ya mvua za mwaka jana. Siku ya maziko nilikuwepo. Ijumaa iliyofuata pesa ziliingia, kwa jina lake. Nilimwombea dua, nikanunua mchele. Ijumaa nyingine zikaingia tena. Sikuuliza mtu, hata mjane wake. Niseme ukweli, niliogopa kwamba nikiuliza zitakoma, na pia nilipenda kuliona jina lake kwenye simu.

Ofisa akaniomba nimpigie pale pale. Nilipiga nikiwa na uhakika kwamba laini imezimwa. Iliita. Ikapokelewa. Nilisikia kengele za ng'ombe, halafu kikohozi, kile kikohozi chake cha mara mbili na kusafisha koo. Kisha ikakatika. Ofisa akatabasamu, akasema basi mzee yupo, nimletee maneno yake ndani ya wiki mbili. Sikumrekebisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Ndiyo maana nilienda Garbatulla. Mama Halima, mjane wa abuya, alinisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa. Kisha akakohoa, na ni kikohozi kile kile. Walivyoishi pamoja miaka yote hiyo, wakaishia kukohoa sawa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ni yeye aliyepokea simu, na ni yeye anayetuma. Hana kitambulisho, hawezi kusajili laini yake mwenyewe, kwa hiyo anatumia ya marehemu.

"Lakini hiyo si zawadi," alisema. "Ni maziwa ya ng'ombe yako."

Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ndama, na uzao wote wa ndama huyo ni mali ya mtoto, hata akihamia mjini na kuanza kuuza gesi. Tunaita handhura. Yangu nilipewa na abuya. Niliamini ng'ombe wangu wote waliishia kwenye ukame, na sikuwahi kuuliza. Kumbe mmoja alipona, akazaa, na maziwa yake yanauzwa.

Kwa hiyo zawadi ilikuwa ndama, na ilitolewa zamani. Pesa za maziwa ni mapato yangu kama ya mfugaji mwingine yeyote, na kodi yake naiweza. Moyo ulitulia. Nikaanza kupitia jumbe zote pamoja na Mama Halima ili nipate la kumweleza yule kijana.

Tulipofika Ijumaa moja ya wakati wa baridi, miezi baada ya maziko, alinishika mkono.

"Hii sikutuma."

Nilimwambia labda amesahau. Hakusahau, na mimi pia nilikumbuka. Wiki hiyo alikuwa amelazwa hospitali hapa Isiolo, na ni mimi niliyekuwa nikimpelekea uji. Simu ilibaki Garbatulla, imefungiwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa nikiusogeza kando kila nilipomwosha mgongo.

"Namba ya siri tunajua watu wawili," alisema. "Mimi na yeye."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama vile mume wake ameenda kisimani na atarudi. Kisha akanipa ile simu nije kumwonyesha ofisa, akaenda kuchemsha chai.

Iko hapa dukani sasa. Nimeizima mwenyewe na kuifungia kwenye droo.

Jumatatu nitarudi ofisini. Nitasema mzee ni marehemu, pesa ni za maziwa yangu, nami nitalipa. Nitasema hivyo kwa zote isipokuwa ile moja. Wiki hiyo Mama Halima alikuwa hospitali, hakuna aliyekamua wala aliyeuza. Mtu alinipa tu, vile vile alivyoeleza yule kijana. Katika zote hizo ndiyo zawadi pekee, na kilichobaki ni aliyeitoa aje aseme mwenyewe.

Kesho ni Ijumaa. Naogopa pesa zikiingia. Halafu nafikiria swala itakavyokwisha, watu watoke msikitini, na simu yangu ikae kimya bila jina lake, na hilo naliogopa zaidi.