Jina Asilolitaja Mkwe Wako

Kikula, Likasi
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu,

Naanza na goti lako kabla ya kukusalimu wewe mwenyewe, maana wewe ukiulizwa utasema uko salama hata kama unatambaa. Linakunja sasa? Unapiga magoti kanisani, au bado unakaa kitako na kumwomba Mungu radhi? Na mdogo wangu Mado, kikohozi kimemwachia? Na mihogo ya kule kando ya reli, imeshika? Sisi huku wazima, mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na kila ninachokifua nakianua chekundu.

Barua hii utapewa na Mama Feza, yule muuza samaki wakavu anayekuja na treni kutoka kwenu Kabalo. Atakupa na kuku mmoja jike, mweupe, amefungwa miguu kwa kitambaa cha bluu. Tafadhali, mama, usimchinje kabla hujamaliza kusoma. Nina sababu yangu.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenu mtandao unashika pale stesheni tu, na ukishasema alo mara tatu watu wote wa stesheni wanajua habari zako kuliko wewe. Neno hili si la stesheni. Tena nasikia limekwisha kukufikia, na limefika limepinda: kwamba mume wangu Kasongo aliulizwa na watu wa viza jina la mama mkwe wake, akasema halijui. Niliposikia umeambiwa hivyo nililia juu ya cherehani mpaka nikaharibu mfuko wa shati la mtoto wa watu. Kaa chini, nikueleze ilivyokuwa.

Unajua Kasongo alirudi Ulaya, kwenye kazi yake ya kuchomelea vyuma, wiki mbili tu baada ya harusi. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Mimi niko kwa wazazi wake hapa Kikula. Baba mkwe alistaafu kule Kakontwe walikokuwa wanachimba mawe ya chokaa. Sasa kazi yake ni kubishana na redio. Mama mkwe, tunayemwita Mama Kasongo, sauti yake inavuka nyumba tatu. Ananigombeza juu ya chumvi asubuhi, na jioni ananiwekea ukoko wa bukari, ule ugali ulioshika chini ya sufuria, kwa sababu anajua naupenda. Nina meza yangu sokoni, nashona yunifomu za shule. Umeme ukikatika, napiga pasi ya makaa. Sina njaa wala ugomvi na mtu, na ile sketi ya kijani uliyonipa haifungi tena kiunoni. Usicheke.

Kinachonichosha ni faili tu. Viza ya kumfuata mume, mama, ni kama kumshonea koti mtu ambaye humwoni: ukimaliza mkono wanakwambia kola imepinda. Nimepeleka cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha polisi kwamba si mwizi, cha daktari kwamba mapafu ni mazima. Nimepeleka picha za harusi na ujumbe wa simu tulioandikiana, hata ule wa Kasongo kuniuliza namna ya kupika majani ya muhogo, sombe ya kopo. Mtu mzima anasoma mapenzi yako na kuyapiga muhuri.

Halafu wakatuita kutuhoji, mimi Lubumbashi, yeye huko huko aliko, kila mmoja peke yake, ili waone kama majibu yatafanana. Mimi waliniuliza mlango wa kwetu una rangi gani, nani alilia siku ya harusi, mume wangu analala upande gani wa kitanda. Niliona haya, lakini nikajibu: upande wa mlango. Yeye akajibu vile vile. Yote yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwako.

Walimwuliza, "Mama mkwe wako anaitwa nani?" Akasema, "Mama." Wakamwambia hapana, jina lake. Akasema, "Kwangu ni Mama." Wakauliza kama ni mrefu au mfupi. Akasema hajui, hajamtazama. Mliwahi kula pamoja? Haijatokea. Sasa wewe mwanaume umemwona nini mama huyu? Naye Kasongo, ambaye hajui kusema uongo hata mdogo, akajibu, "Nilimwona mgongo. Mara mbili."

Baada ya wiki chache barua ikaja. Inasema mume hamjui mama wa mke wake, hajawahi kukaa naye meza moja, na katika picha zote za harusi hawapo pamoja hata mara moja, kwa hiyo wana mashaka kama ndoa hii ni ya kweli. Nilizitoa zile picha nikazitazama upya. Ni kweli. Katika moja tu unaonekana, na si wewe, ni pindo la kitenge chako nyuma ya jiko, ulikokuwa umejificha mkwe asikuone! Sisi tungemwona mkwe anayemwita mama mkwe kwa jina na kumkodolea macho, huyo ndiye tungemshuku kwamba hakuja kuoa. Wao wanamshuku huyu anayekuheshimu. Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha, maana mwisho wa barua waliandika kwamba atahojiwa mara ya pili, na asipojibu faili linafungwa.

Nikampigia simu. Mama, nisamehe, nilimfokea mume wangu.

"Miezi kumi na mine niko nangoja, na weye unashindwa na jina moja?"

"Haiko jina tu," akasema. "Ni mama yako."

"Basi andika kwa kartasi!"

"Kuandika ni kutaja na mukono. Ngoie, minye sitaanza kumukosea mama yako heshima juu ya viza. Kesho atanipa tena binti yake na moyo gani?"

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa nafurahi, na hilo ndilo lilizidi kunikasirisha.

Mama Kasongo alikuwa amesikia yote, kwani anasikia kama anavyosema. Hakunituliza. Alisema, "Munapigana juu ya kitu haiko yenu. Ile haya ni ya mama yako, njo yeye anaweza kuiondoa. Umuandikie." Halafu akavaa viatu vya misa, akanishika mkono, tukaenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kutafuta karatasi ya kueleza desturi yetu.

Karani wa komini ni kijana wa kwetu, Mluba, mwenye miwani. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, kartasi ya kusema muntu hataji jina ya mama-mukwe? Ile haiko kwa liste. Iko ya kuzaliwa, ya kufa, ya kuolewa. Ya haya, hapana."

"Haya, papa," Mama Kasongo akamwambia taratibu. "Na weye, mama-mukwe yako anaitwa nani?"

Kijana akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia kalenda ukutani kama vile jina limeandikwa pale. Mwenzake wa meza ya pili alicheka mpaka akashika ukuta, na watu wote waliokuwa kwenye mstari wakaanza kupiga makofi. Karani akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Leta kartasi." Aliandika ukurasa mzima, akaupiga muhuri mara mbili, na hakukubali hata soda.

Karatasi ile niliipeleka mwenyewe Lubumbashi. Mama wa ofisi ya viza aliyenipokea aliisoma mara mbili. Mara ya pili alitabasamu, akasema sasa ameelewa, na ataiweka ndani ya faili. Lakini kuelewa si kujibu, akasema. Majina yako yote matatu wanayo, mimi niliwaandikia tangu siku ya kwanza. Wanachotaka ni kusikia kama mume naye anayajua, na mke hawezi kumjibia mume. Wamempa nafasi mpaka mwezi ujao.

Ndiyo maana ya kuku.

Unakumbuka ulivyotusimulia habari ya bibi na marehemu baba? Bibi aliposhikwa na tumbo, wanaume wengine wote wako mtoni, na baba peke yake ndiye angeweza kumbeba mpaka hospitali ya misheni. Bibi akakataa kuguswa na mkwe wake. Akataka kwanza kuku wa kutoa haya. Baba akakimbia kumtafuta huku mgonjwa anaugua, kuku akachinjwa, akachomwa haraka haraka, bibi akang'ata paja mara moja akasema, "Sasa nibebe." Wewe ulikuwa unacheka sana ukifika hapo, na sisi tulikuwa tunakuomba urudie.

Kuku huyu ni wa Kasongo. Mama yake alimchagua kwa niaba yake, siku tatu za soko, akiwakataa wengine kwa sababu nisizozijua: huyu macho, yule kucha. Alitaka kuku aliyekwisha kutaga, si mtetea. Amekaa jikoni kwetu wiki nzima anakula mahindi mazuri kuliko yetu, na baba mkwe amezoea kumsomea habari za redio.

Kasongo anakuomba ruhusa, mama. Anaomba kulitaja jina lako mara moja, mbele ya watu wasiokujua, ili mimi niende kwake. Amesema ukikubali atalitaja akiwa amesimama. Na siku tutakapokuja pamoja kukusalimu, ataanza upya kama zamani: ukipita huku, yeye atapita kule. Hataki kuzoea.

Sitakudanganya. Usipokubali, faili litafungwa, na kuanza jingine ni kuanza tena tangu cheti cha kuzaliwa. Lakini sitakununia, wala yeye. Ukikubali, mle kuku, hata kipande kimoja, na umwambie Mama Feza atupigie simu pale stesheni aseme neno moja tu: ameliwa. Wacha watu wasikie, hawataelewa kitu. Usipokubali, mfuge, na mayai yake mpe Mado kwa kifua chake.

Watu huku wananionea huruma, bibi harusi wa miezi kumi na minne bila mume. Mimi sioni kama nimeachwa. Nilipokuwa naolewa niliogopa mambo mengi, ila sikujua la kutazamia. Sasa najua nimeolewa na mtu ambaye yuko tayari kunikosa kuliko kukuvunjia wewe heshima, na nikiwa na hasira naye kwa ajili hiyo, nampenda kwa ajili hiyo hiyo. Ninangoja, lakini ninangoja nikiwa nimeshiba.

Nisalimie Mado, mwambie asinywe maji ya baridi asubuhi. Nisalimie mjomba, aliyesimamia mahari yangu, na umwambie kofia yake niliyoahidi nimeanza kuishona. Nisalimie shangazi muuza mawese, na jirani yetu mpiga kengele ya kanisa, mwambie huku wanaipiga haraka mno, hawana adabu yake. Baba mkwe na Mama Kasongo wanakusalimu; Mama Kasongo anasema goti upake mafuta ya moto, ukandwe na mtu mwenye nguvu, si Mado.

Juu ya bahasha nimeandika Mama wa Ngoie, basi. Nimeona mimi pia nikuheshimu kidogo.

Ni mimi mwanao, niliye mbali kwa miguu tu,
Ngoie

Nimefungua tena bahasha. Kasongo amepiga simu sasa hivi. Naye habari ile iliyopinda imemfikia, kwamba umeambiwa hajui jina lako, na sauti yake ilikuwa si nzuri. Amenituma maneno haya, nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Umuambie Mama, minye nalijua. Siku ya mahari mujomba alisoma jina yake yote, na minye niliangalia chini, lakini masikio ilikuwa wazi. Kila asubuhi nikisali nataja baba, nataja mama, nataja weye. Nikifika kwake, nanyamaza kidogo. Mungu anajua ni nani."

Nikamwuliza ananyamaza kwa muda gani.

Akasema, "Muda wa majina tatu."