Sindano za Doria

Kitandililo, Makambako
16 Julai 2024

Kwako kaka Ebeneza,

Shikamoo. Natumaini wifi na watoto hawajambo huko Dodoma. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu inatutafuna. Baba yupo hapa kwangu, alikuja kutoka Njombe na Doria kwenye lori la viazi. Ungemwona mbwa wa watu alivyofunikwa blanketi la Baba, ungedhani bibi harusi.

Uliposema kwenye simu kwamba mbwa mzee achomwe sindano ya mwisho apumzike, Baba alikataa chakula. Ndipo nikawapeleka kwa Daktari Abdulatif wa mifugo, karibu na stendi. Alisema ni baridi yabisi ya nyonga, na kwa kuwa vidonge vinamsumbua tumbo, tujaribu sindano kavu, nyembamba mno, zisizo na dawa ndani. Haziponyi, alisema, ila hupunguza maumivu mbwa akatembea. Baba alimtania, Mwislamu atashikaje mbwa? Akajibu kwamba maji na udongo vipo, atanawa; mgonjwa ni mgonjwa.

Doria alilala kimya, sindano zimesimama mgongoni, kichwa chake mapajani mwa Baba. Baba akauliza kwa upole daktari ataanza lini.

Kaka, zilikuwa zimeshachomwa zote. Daktari alinitazama, nami nikainamisha kichwa.

Baba haoni. Tukiwa njiani kurudi alikiri kwamba macho yalianza kufifia mwaka aliofariki Mama, na sasa huona vivuli tu. Doria ndiye humpeleka shambani, kanisani na kaburini kwa Mama. Majirani humwona mzee na mbwa wake, basi. Alificha kwa kuwa uliapa kwamba siku atakaposhindwa kujitunza utamhamishia Dodoma. Aliniomba nisikwambie, lakini mzigo huu umenishinda peke yangu.

Nakusihi usimhamishe. Njoo kwanza, tumpeleke pamoja hospitali ya macho. Doria amechomwa mara kadhaa sasa, na ameanza kuinuka. Jana walitembea mpaka getini, mkono wa Baba mgongoni mwake, nikalia.

Nimeandika kwa sababu simu angeisikia. Hapa ameketi nami mezani, Doria miguuni pake. Ameuliza ninaandika nini, nimemwambia ni salamu kwako. Anakusalimu sana, na anasema nikuandikie kwamba yeye ni mzima, hana shida yoyote.

Mdogo wako akupendaye,
Fidelia