Usiyang'oe Maua Yaliyolala

Mjukuu wangu Njeri,

Sisi huku Birmingham tu wazima. Babu yako bado anagombana na goti lake. Umeuliza kama uyang'oe yale maua ya msituni niliyokupa, maana yamekauka. Thubutu!

Nilipokuwa nesi kijana, mgeni hapa, nami niliyaona kama hayo bustanini mwangu yamenyauka Juni, nikayang'oa nipande sukuma wiki. Majani ya mti uliokuwa hapo juu yalipodondoka, nikawa nayafagia kila asubuhi, kama uwanja wa mama kule nyumbani. Jirani yangu Mama Kaur, aliyekulia Kisumu, akanifokea: "Wacha! Maua mengine bado yamelala humo ardhini, mizizi i hai. Hayo majani ndiyo blanketi lao."

Nikautundika ufagio. Machi, upweke umenishinda na nimeshafunga sanduku nirudi Kenya, nikakuta mawili yaliyonusurika na jembe yamechanua. Nikafungua sanduku.

Basi yaache. Machi nakuja kwa treni huko chuoni kwako, na nitawakuta nyote, wewe na maua.

Nyanya yako