Sema Wallahi

Jumanne, 10 Juni
Yeyote atakayeyaona haya, nakuomba, nyamaza. Usimsomee mtu, usimnong'oneze mtu. Mimi ni karani wa mkataba tu, na kuna watoto wawili watakaoumia.

Asubuhi kama kawaida. Kufuta kaunta, kuchemsha chai ya Madam, kupanga faili. Kisha simu mbili zikafuatana. Ya kwanza kutoka mtaa wa Tena: Zuhura, miaka kumi na tano, hakulala kwa mama mlezi. Ya pili kutoka mtaa wa Lucky Summer: mdogo wake Idi naye hayupo kwa walezi wake. Madam, afisa wetu wa watoto, aliguna tu. "Watoro hao."

Watoro! Mama yao alipofariki, jirani yao Bibi Mwanaidi, muuza mahamri wa Majengo, alikuja hapa akiwataka wote wawili. Ofisi ikamkataa. Eti ana chumba kimoja. Mimi nililelewa katika chumba kimoja. Tukawagawa kama mitumba, huyu huku, yule kule.

Jumatano, 11 Juni
Bibi Mwanaidi aliitwa. Madam akamuuliza, "Shosho, watoto umewaficha wapi?"

"Nyie ndio mliowachukua, mwanangu. Mwawapoteza, kisha mwaniuliza mie?"

Nilicheka nyuma ya faili. Kisha nikaogopa kicheko changu.

Alipoondoka, Madam alisema wakipatikana hawarudi kwa walezi. Ni rumande ya watoto, msichana kwake, mvulana kwake. Kosa lao nini? Kutafutana. Ndugu wa tumbo moja! Nina hasira. Nikaendelea kupanga faili. Mwoga mimi.

Alhamisi, 12 Juni
Zuhura ana simu ya marehemu mama yake. Hapokei ya mtu yeyote ila mimi. Madam analijua hilo.

"Wewe anakuamini. Mwambie ombi la bibi limekubaliwa. Waje watie sahihi. Askari atakuwa chumba cha ndani."

Akaongeza kwamba mkataba wangu uko mezani kwake, unangoja kalamu. Akatabasamu.

Sijala. Kodi ya mama inatoka kwenye kazi hii.

Ijumaa, 13 Juni
Nilipiga. Ee Mola, nilipiga. Spika imewashwa, Madam ameketi mbele yangu.

Nilisema yote niliyofundishwa. Nyuma ya Zuhura, Idi akapiga kelele: "Si nilikushow! Tunarudi kwa Bibi! Leo ni mahamri hadi nipasuke!"

"Tulia, tumbo wewe," dada yake akamwambia. Kisha akaniambia mimi:

"Sista, sema wallahi."

Madam alinipungia mkono, niseme. Akanong'ona, "Si neno tu!"

Neno tu! Na mwanamke huyu huapa mahakamani akizungumzia maslahi ya watoto. Hicho kiapo chake nacho ni neno tu?

Sikuapa. Nilisikia Zuhura akipumua.

"Sawa, sista," akasema polepole. "Nimekupata." Simu ikakatika.

Madam alinifokea mbele ya akina mama waliokuwa foleni. Akaniita msaliti. Msaliti! Aliyetaka kumtega mtoto yatima kwa jina la nyumbani kwao ni nani? Nilitaka kumwambia hivyo. Nililia chooni badala yake.

Jumamosi, 14 Juni
Askari wamepekua kwa Bibi tangu alfajiri. Wamemwaga hadi unga wake. Hawakumpata mtu. Madam amenitumia ujumbe: nisirudi.

Jumapili, 15 Juni
Mvua nyepesi. Nimekwenda Majengo kumsaidia Bibi kufagia. Hatukuwataja watoto. Nimemwambia anaweza kwenda mwenyewe mahakama ya watoto kuomba kuwalea. Nitamwandikia ombi, na nitasimama mbele ya hakimu nimweleze uongo ambao Madam aliniagiza niseme. Naogopa. Nitasimama.

Nimemwachia maneno ya mdomo tu, iwapo atawaona. Wasinipigie, Madam anaijua namba. Waje mtaani kwetu Kaloleni baada ya alasiri. Wamtafute fundi cherehani mwenye mguu mmoja, ni mjomba wangu. Wasitaje majina. Waseme wameleta kitambaa cha kanzu. Yeye atawaelekeza hadi mlangoni kwangu. Wabishe mara moja tu, nitakuwa nyuma ya mlango.