Zuhura Alipoitwa na Mlima

Mama yangu wa Bofu, shikamoo.

Niwie radhi, mwezi wa pili huu sijakuandikia. Baridi ya huku Mlima Kenya na watoto wawili wanimaliza. Nikishika kalamu nasinzia.

Jumapili Baba Zuhura hakuwa na zamu ya kuendesha lori la mbuga ya wanyama, akatupeleka kwa miguu kwenye maporomoko ya maji. Salimu nilimbeba mgongoni. Tulipofika juu mawingu yakafunguka, nikauona mlima, mweupe kileleni, nikasimama kuutazama. Kugeuka, Zuhura simwoni. Nikaita, "Zuhura!" Jabali la ng'ambo likarudisha, "Zuhura!" Nikamsikia, "Abee, Mama!" Kila nikiita, sauti yake yazidi kwenda mbali. Kumbe mtoto aufuata mwangwi, kama ulivyomfunza: ukiitwa, itika uende. Babake alimdaka hatua mbili tu kutoka ukingoni.

"Mama, si umeniita kule?"

Sikuweza kumpiga. Nilimwambia, "Huku nikikuita, itika usimame papo hapo. Nitakuja mimi." Akirudi huko kwako Bofu akifanya hivyo, usimgombeze. Wallahi ulimfunza vyema, lakini huku hata mawe huita.

Tu wazima, alhamdulillahi. Mwanao Mwanasha akuombea afya na macho mema.

Akipatikana mtu wa kuja, nitumie chupa ya mafuta ya nazi, hiliki kidogo, kanga yako moja kuukuu ya kumfunika Salimu, na zile njuga za mguuni alizovaa Zuhura alipoanza kutembea, tukimsikia kila aendako. Najua ni mkubwa sasa. Zitie kamba ndefu.