Waya Mdomoni mwa Ndoano

Chumba cha nne,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa binamu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, maana ndivyo tulivyolelewa. Hujambo huko uliko? Kifua kinasemaje na hiyo baridi yenu? Mkeo ameshapona mguu, na mtoto ameanza kusimama? Mimi ni mzima kiasi. Jino moja la mbele sina tena, taya limevimba, nakula vitu laini kama bibi kizee, lakini mkono wa kuandikia unafanya kazi.

Ujumbe wako niliupata juzi kwenye simu ya mama yangu. Unaniomba Jumatatu niende mbele ya mkaguzi wa usalama kazini, niseme kwamba marehemu ndiye aliyefunga ule waya kwa uvivu wake, na baba yako hakujua lolote. Umeandika kwa adabu sana, binamu, nusura nisione unachoniomba. Basi kaa kitako nikueleze, kwa sababu wewe umesimuliwa na mama yako, na mama yako kasimuliwa na watu wa getini.

Unajua mjomba, yaani baba yako, ndiye aliyenifundisha kuendesha kreni. Wanaume kibao walikuwa wanakitaka kile kiti, akanipandisha mimi, mtoto wa dada yake, na aliyecheka alikabidhiwa beleshi. Somo la kwanza alilonipa lilikuwa la kikapu cha kupandishia watu. Zege likimwagika utalizoa, alisema, mtu akimwagika hazoleki. Kwa hiyo kabla ya mtu kupanda, kikapu kilitangulia na mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu wale wale, kikapita njia ile ile mpaka juu na kurudi. Kisha mnyororo wa pili ulifungwa kutoka kwenye kikapu hadi juu ya ndoano, ili moja ikiachia nyingine ishike. Na ule ulimi wa ndoano, kile kibati chenye springi kinachofunga mdomo wake, aliupima kwa kidole chake mwenyewe. Niliwahi kumwona akimfukuza mtu kazi kwa kusahau mshipi wa usalama tu.

Sasa mwishoni mwa mwaka jana mwenye jengo akaanza kuja kila siku na makelele yake. Ulimi ule unachelewesha kazi: mfungaji wa mizigo lazima aukandamize kwa mkono mmoja na kuingiza kamba kwa mwingine, mara mia kwa siku. Baba yako akachukua waya wa kufungia nondo, akaufunga ulimi ukakaa wazi moja kwa moja. Alisema ni kwa matofali tu. Nilikuwa nimeshuka kunywa maji, nikamwona kwa macho yangu, na nilichofanya ni kucheka, kwa kuwa kweli kazi ilikimbia. Miezi mitatu nimenyanyua matofali hivyo, nikipiga miluzi huko juu.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, magari matatu ya zege yalikuwa yamepanga foleni yakiunguruma, na ghorofa ya saba kulikuwa na nondo hazijachomelewa. Mjomba akaniita kwenye redio nipandishe watu wawili kwa kikapu. Mmoja alikuwa fundi wa kuchomelea tuliyemwita Kimya. Wa pili ni Mrefu, mfungaji wa mizigo, ambaye dada yake ndiye mke wa Kimya.

Nikauliza mifuko ya mchanga iko wapi. Hakuna muda, akasema. Nikauliza mnyororo wa pili. Ulikuwa umefunga lango la stoo tangu kufuli iibiwe. Nikauliza ule waya. Hapo akawa mkali, akasema watu wawili ni wepesi kuliko matofali. Nikamwambia sinyanyui mtu. Akanitukana, binamu, redio zote za eneo la kazi zikisikia, tusi nisiloweza kukuandikia kwa sababu linamhusu mama yangu, yaani dada yake wa tumbo moja. Kisha akasema, “Kiti hicho nilikupa mimi. Kama kimekuchosha, shuka.”

Sikushuka. Nilinyanyua. Ukitafuta dhambi yangu, ipo hapo.

Kikapu kilipanda vizuri tu hadi ghorofa ya saba. Kikaegemea ukingo, Mrefu akatoa mguu kushuka, na kamba zikalegea kidogo, kitambo cha kupepesa macho. Kwa kuwa mdomo wa ndoano ulikuwa wazi, pete ya kamba ikachomoka yenyewe. Mrefu alidaka nondo iliyojitokeza ukutani, ikamchana kiganja mpaka mfupa. Kimya alikuwa amefunga mshipi wake kwenye kikapu kama anavyotakiwa, kwa hiyo akaenda nacho. Alipiga jukwaa la ghorofa ya nne likavunjika, akaendelea, akaangukia nondo zilizosimama chini. Tatu zilitokea upande wa pili. Mke wake alikatazwa kumwangalia, akang'ang'ania, akamwangalia.

Niliishusha ndoano hadi chini, nikatoka kibandani. Kushuka ngazi za kreni kunachukua dakika sita, na dakika sita zinatosha mtu kupoa. Mimi nilizidi kuchemka kila kipandio. Nilipofika chini, watu wote walikuwa kwa Kimya isipokuwa baba yako. Yeye alikuwa amepiga magoti kando ya ndoano na plaizi mkononi, anaukata ule waya.

Nilimpiga kwa spana kubwa, ile ya kukazia bolti za mnara. Ya kwanza ilivunja mkono wenye plaizi, na niliusikia ukivunjika. Ya pili ilimpata begani akalala chali. Ya tatu nilikuwa naipeleka kichwani, na sikufichi kitu, nilitaka afe. Aliyenizuia ni Mrefu. Alinigeuza kwa mkono uliojaa damu, akanipiga ngumi ya mdomo, jino likaenda. Alisema mimi na mjomba ni damu moja, tumemuua shemeji yake wote wawili. Halafu mafundi wengine wakatuvamia mimi na mjomba kwa mateke na mbao, hadi walinzi walipokuja kututoa. Ngumi ile nilistahili, hata sasa nasema hivyo.

Polisi wameniachia kwa dhamana. Mama yako anatangaza kila mahali kwamba nimelaaniwa kwa kumwinulia mkono mjomba aliyenilea. Huenda. Mama yangu hasemi upande wowote, anafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulificha miezi mitatu.

Jana nilikwenda hospitali kumwona. Usishangae, nani mwingine angemnyoa, na mkono umefungwa plasta mpaka begani? Nilimpaka sabuni, nikaanza shavu la kushoto. Nilipofika kidevuni akaniuliza, siku ile anafunga waya, mimi nilikuwa nimesimama wapi. Nikamjibu kwamba nilikuwa pembeni yake nakunywa maji. Akafumba macho.

“Ungenipiga siku ile,” akasema.

Kwa hiyo Jumatatu nitasema hivi: waya alifunga mjomba, mimi nilijua, na mimi ndiye niliyenyanyua. Tunaweza kufungwa wote wawili, na mimi nikaongezewa kwa ile spana. Sawa. Lakini Kimya hatabebeshwa waya ambao hakuugusa. Kazi yake siku ile ilikuwa kufunga mshipi, na aliufunga. Una hasira na mimi, najua, nami nina hasira na wewe kwa kunituma nikamsingizie maiti.

Nisalimie mkeo, mtoto mbusu mashavu yote mawili, na dada yako mkubwa mwambie simu yangu ilipasuka siku ile, simnunii. Mama yangu anakusalimu, anakuombea. Mungu akulinde na kazi za watu wenye haraka.

Jambo la mwisho, binamu. Unaniomba nimlinde baba yako. Jana nilikaa naye saa nzima, wembe wangu ukiwa kooni pake, na yeye mwenyewe hakuniomba.

Wako akupendaye, hata ukiichana barua hii,
Dada yako wa kreni.